Betri Zilizotoka Kabla ya Arobaini

Kisarawe, njia ya Maneromango

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya pili, ile ya kuomba radhi, maana najua miezi imepita hujasikia sauti yangu, na simu yako tangu itumbukie kisimani haijapata mrithi. Karatasi hii inakuja na mkono wa Bwana Chande, anashuka huko Newala kwa mambo ya korosho, nimemwonya asiikalie. Mwanao Zainabu akusomee taratibu, asiruke mstari, na akifika pale pa kutisha asijifanye kukohoa. Magoti yanasemaje? Kile kifua cha asubuhi kimekuacha? Na shemeji, bado ana kesi na mbuzi wa jirani? Sisi huku tuko wazima. Neno hilo, dada, usilipite haraka. Nimelitolea jasho.

Salamu zako zimenifikia kwa midomo ya watu. Unauliza kama ni kweli nimefuga jini ndani ya friji, na kama ni kweli wifi yako Fatu alikataa dawa mpaka watu wakaanza kuulizana sanda. La jini, sikufuga. La Fatu, ni kweli. Nikueleze mwenyewe, maana watu wa huku wakisimulia jambo wanaongeza chumvi, nami unanijua, sina tabia hiyo.

Unajua Fatu ana sukari. Anajichoma insulini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na ile dawa inataka baridi. Nyumba hii ya shamba ninalolisimamia iko mwisho kabisa wa nguzo za umeme. Tawi likianguka huko bondeni, sisi giza siku mbili. Masika yaliyopita dawa ilipata joto, tusijue. Fatu akawa anachoma na huku anakauka. Nikamkuta ameanguka kwenye minanasi, macho yamegeuka. Nesi wa zahanati akainua kile kichupa, akaniambia, "Baba, hii imeiva. Umekuwa unamchoma mkeo maji."

Siku hiyo nikaapa. Nikasema haitatokea tena umeme ukatike friji la mke wangu linyamaze. Akaja fundi mmoja wa Kibaha, akapima, akaniandikia karatasi ya vifaa ndefu kama foleni ya kisimani. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, unataka kuwasha nyumba yangu au viwanda vyote vya Kwala?" Akaondoka amenuna. Nikaamua kuijenga mwenyewe. Ni kweli niliishia darasa la tano, lakini unakumbuka mwalimu wa hesabu alivyokuwa ananiita mbele nimsaidie pale anapokwama.

Paneli mbili za sola nilikuwa nazo, za pampu ya zamani ya tajiri wangu. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, nikapata kwa rafiki. Zikabaki betri. Basi niko Kongowe, ile ya Kibaha, nje ya kibanda cha fundi redio, likaja guta la magurudumu matatu limebeba betri nne kubwa na mwanamume ameziegemea kama mtu anayesindikiza maiti. Akajitaja jina, Sudi.

"Za kaka yangu, fundi Rajabu wa Mbwawa," akasema. "Ametangulia mbele ya haki."

"Pole. Lini?"

"Siku nyingi."

Hapo ndipo nilipokosea, dada. Nilipaswa kuuliza siku nyingi ni ngapi. Wewe mwenyewe unajua, huko kwetu ni hivyo hivyo na huku ni hivyo hivyo: mtu akifa, kitu chake hakivuki kizingiti mpaka arobaini isomwe na warithi wakae mkekani. Hata ndoo. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye betri. Zilikuwa nzito, zimepangiwa namba kwa wino mweupe, moja mpaka nne, mwandiko wa mtu mwenye subira. Pamoja nazo kulikuwa na kisanduku kinachopokea moto wa sola na kuupimia betri, nacho kimebandikwa karatasi ya gundi iliyoandikwa, "Usiguse. R." Na kutoka kwenye kile kisanduku ulining'inia waya wenye taa moja ndogo, waya umekatwakatwa haraka kama uliong'olewa ukutani. Nikapakia vyote.

Kuvifunga, fundi wa chuo angemaliza siku tatu. Mimi nilianza baada ya chai, adhuhuri nikawa nanawa mikono. Vichwa vya betri vilikuwa na unga wa kijani, nikaviosha kwa maji ya moto na magadi, nikavipaka grisi. Nikaziinua juu ya mbao zisilale kwenye saruji. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na fyuzi katikati. Kulikuwa na cheche moja tu, ikanirusha mpaka mlangoni, nikatua nimesimama. Friji likaanza kunguruma. Fatu alilia, dada. Aliweka kiganja juu ya mlango wa friji akakiacha pale kama anayempima mtoto homa.

Ile taa ndogo nikaibonyezea kila swichi, haikuwaka. Nikaitundika kwenye msumari juu ya kile kiti changu cha mkono mmoja, nikasema mbovu, ikae.

Jua lilipozama, ikawaka.

Mimi nilikuwa mlangoni navua kandambili. Fatu alikuwa anatoka kutia udhu.

"Umeiwasha wewe?"

"Mikono yangu hii hapa."

Ilikuwa na mwanga wa manjano, mdogo, umeangukia kiti peke yake. Ikakaa muda wa saa moja, ikazima. Tukalala. Alfajiri, kabla jogoo hajajikohoza, nikafumbua macho nikaona mstari wa manjano chini ya mlango wa chumba. Imewaka tena. Jua lilipotoka ikazima, kistaarabu, kama mtu aliyemaliza shughuli yake akaaga.

Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Dada, mimi ni mtu niliyewahi kumfukuza chui kwa tochi isiyo na betri, lakini kuna jambo lilinikausha mate. Taa zote za huku zinakusanya kumbikumbi, zinakusanya mijusi, ukikaa chini yake unatafuna mdudu. Ile haikuvuta hata mbu. Hewa chini yake ilikuwa tupu. Na kile kiti, hakuna aliyekatazwa kukikalia, lakini hakuna aliyekikalia.

"Magharibi na alfajiri," Fatu akasema. "Issa, kuna mtu anaswali humu ndani."

Ijumaa ikaja mvua ile ya kutoka upande wa Pugu, wingu jeusi la mchana, saa nane ikawa kama usiku. Taa ikawaka. Fatu akaweka bakuli chini. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Betri hizi ni za nani?"

Nikamwambia. Akasema mpigie huyo Sudi, weka sauti kubwa.

"Sudi, arobaini ya kaka yako ilisomwa lini?" nikamwuliza.

"Bado," akasema. "Leo siku ya ishirini na nne."

"Na mjane anajua umeziuza?"

Simu ikakatika.

Jioni ilipofika, Fatu akatoa kichupa chake, sindano iko mkononi. Akairudisha sindano kwenye kifuniko chake. "Mwanamke yuko eda, watoto hawajagawiwa hata kikombe cha baba yao, na mimi dawa yangu inapozwa kwa mali yao," akasema. "Mwenyewe anakuja mara mbili kwa siku kuidai. Wallahi sijichomi mpaka wenyewe waseme."

Nikafikiri ni hasira za jioni. Asubuhi hakuchoma. Nikasema basi, nazing'oa, nazirudisha, yaishe. Saa sita mchana, jua limesimama utosini, nikapanda kwenye kiti cha jikoni nikachomoa waya wa paneli kwenye kile kisanduku. Dada yangu. Waya ulipotoka tu, taa ikawaka. Saa sita mchana, nyumba imejaa jua, taa ya marehemu inawaka juu ya kiti.

Nikarudisha waya, ikazima. Nikachomoa, ikawaka.

"Acha," Fatu akasema kutoka mkekani. "Unamtoa, hataki."

Jioni akaanza kutapika. Siku ya pili pumzi yake ikawa inanuka kama nanasi lililoiva likapitiliza, na alikuwa anavuta hewa haraka haraka kama aliyekimbia. Jirani yetu Mama Neema, mwalimu mstaafu, msharika wa Kilutheri, akaja kukaa naye.

"Fatu mwanangu, Mungu hakatai dawa."

"Mungu hakatai, mwalimu. Yatima ndiye anakataa."

"Basi twende hospitali wakupe ya kwao."

"Nimeapa."

Nikataka kumbeba kwa nguvu. Akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na mimi niliyekuwa nabeba magunia mawili ya korosho kwa mpigo, nilishindwa kumbandua. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, na alinishinda. Ndipo nilipojua atakufa kweli, tena mbele yangu, na friji likinguruma vizuri kabisa.

Nikakata ile taa na waya wake, nikaitia mfuko wa koti iwe ushahidi, nikachukua bodaboda. Tulipita Kiluvya, tukapanda lami mpaka Kibaha, tukashuka Mbwawa jua limeshaanza kulegea. Nyumba ya marehemu sikuuliza mara mbili. Ina paneli juu ya bati na waya wake unaning'inia ukutani, haufiki popote.

Mlangoni ameketi shangazi mzee, kama sheria. Nyuma yake pazia. Mjane, Bi Zuhura, alikuwa ndani ya eda, mwanamume wa nje hamwoni. Nikakaa kwenye kigoda nje ya pazia.

"Mama, mimi Issa Mtepa, nimetoka Kisarawe. Nimekuja na kosa."

Ikatoka sauti, si ya mzee, si ya kijana. "Ndiye wewe uliyechukua mwanga wa Rajabu."

"Nilinunua, mama. Sikuuliza siku."

"Sudi alivibeba nikiwa uani naoga. Kwako taa inawaka saa ngapi?"

"Magharibi na alfajiri. Mke wangu anasema marehemu anakuja kuswali."

Akacheka. Kicheko kifupi, shangazi akageuka kumtazama. "Rajabu? Rajabu alikuwa anaswali akikumbuka. Ile taa si ya swala, baba. Rajabu alikuwa na sukari."

Nikashika kigoda.

"Macho yalipoanza kumpotea hakuona saa ya ukutani," akaendelea. "Akakipanga kile kisanduku, jua likipotea taa iwake yenyewe, na kabla ya jua kutoka iwake tena, ajue ni wakati wa sindano. Akaitundika juu ya kiti chake. Betri zile alizifunga kwa ajili ya friji la dawa. Siku ya mwisho alichoma magharibi, akabaki pale pale kitini. Taa ilipozima nikadhani amelala."

Mimi, dada, nikautazama mfuko wa koti wenye ile taa.

"Tangu Sudi alipovibeba," akasema, na sasa alikuwa ananong'ona, "kila magharibi nasikia kiti kile kinasogezwa. Anakaa. Namsikia anakunja mkono wa shati. Halafu anangoja."

"Anangoja nini, mama?"

"Mtu achomwe."

Adhana ya magharibi ikaanza pale pale. Na mfukoni mwangu, dada, koti likaanza kupata joto. Nilidhani ni jasho. Nikatia mkono. Ile taa ilikuwa ya moto, kioo cha moto, taa iliyokatwa waya, iko mfukoni, haijashikana na kitu chochote duniani. Nikampa shangazi. Akaihamisha mkono huu na mkono ule kama kiazi kilichotoka jivuni, akaiweka chini akajipulizia vidole. Yule bibi yuko hai, Mbwawa, aulizwe. Na ndani, nyuma ya pazia, tulisikia kiti kikiburuzwa sakafuni. Mjane alikuwa amekaa upande huu karibu yetu. Sauti ilitoka upande wa pili.

"Mpigie mkeo," akasema. "Upesi."

Mkono ukatoka kwenye pazia, mtupu, hauna hina wala bangili. Nikaweka simu. Kule Mama Neema akapokea, akamwekea Fatu sikioni, na mimi nikasikia ile pumzi ya haraka.

"Mwanamke mwenzangu, mimi Zuhura, mke wa Rajabu. Wanangu hawa hapa. Mimi na wao tumeridhia. Vitu ni amana kwako mpaka arobaini. Choma."

"Na yeye?" Fatu akauliza. "Na yeye ameridhia?"

"Yeye alivijenga kwa kazi hiyo hiyo. Amekaa anakungoja. Choma, apumzike."

Kisha akasema, "Shangazi, mtoeni huyo baba aende uani," nikatolewa. Walizungumza wenyewe. Niliyoyasikia ni manong'ono tu, na mara moja nilimsikia mjane akisema, "Hapana, usiogope, ni mpole." Mimi nimesimama kwenye majani ya mihogo ya watu, mwanamume mzima, nikiomba dua zote ninazozijua na nyingine nikizitunga.

Halafu simu ikapaza sauti ya Mama Neema mpaka uani. "Issa! Amechoma! Na hospitali amekubali! Bodaboda iko mlangoni!"

Walimtundikia dripu siku tatu. Daktari aliniambia ungepita usiku ule asingekuwa na mgonjwa wa kutibu. Nilimjibu nimeendesha shughuli nzima kutoka Mbwawa kwa simu. Akanitazama tu, hawa vijana hawana shukrani.

Arobaini iliposomwa nilikuwepo. Nilizipakia betri zote nne, kisanduku, kila kitu, nikavishusha mbele ya warithi, nikasema hivi hapa, havijapungua. Sudi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alishaagizwa na wazee, pesa yangu akaikabidhi kwa mjane mbele za watu, bila mbwembwe. Warithi wakakaa, wakazungumza, wakasema virudi Kisarawe kwa mwenye ugonjwa. Bi Zuhura, bado yuko ndani ya pazia, akanitolea ile taa imefungwa kwenye kitambaa. "Itundike juu ya kiti kama ilivyokuwa," akasema. "Ikiwaka, achome. Asiipitishe hata siku moja. Huku kumetulia, nisingependa aanze tena kuhangaika."

Yule fundi redio wa Kongowe nilimsimulia. Akanieleza kwa kujivuna kwamba kisanduku kile kikikosa jua kutoka kwenye paneli kinadhani ni usiku, ndiyo maana wingu likija kinawasha, na waya ukichomolewa kinawasha. Nikamwambia sawa, hayo hata mimi nilishayashuku. Nikamwuliza na joto la mfukoni? Akaanza kutafuta bisibisi yake.

Basi ndivyo ilivyo, dada. Friji halijanyamaza tena. Tawi lilianguka wiki jana, nguzo zote bonde zima giza, kwangu dawa baridi kama mawe ya mtoni. Mwili wa Fatu umerudi, amenenepa mashavu, na ugomvi wake wa zamani umerudi pia, jambo ambalo Mungu anajua nimelipokea kwa furaha.

Nisalimie shemeji, mwambie mbuzi amwachie. Mjomba wetu wa kule bondeni mpe mkono wangu, mwambie ile redio yake nikija nitaifufua. Bibi mkunga aliyetupokea sote duniani, magoti yake nayaangukia. Zainabu, ahsante kwa kusoma, na kama umekohoa nimekusikia.

Nilitaka kuendelea lakini jua limezama na taa imewaka, naandikia kwenye mwanga wake kwa mbali, kile kiti hatukikalii. Fatu amekuja, ameketi mkekani mbele yake, amechoma. Sasa hivi ameinua uso kuelekea kitini akasema, "Waalaikum salaam." Humu ndani, dada, tuko wawili, na mimi sijafungua mdomo.

Mdogo wako anayekuota,
Issa Mtepa